Waziri kashajibu, kuta bado hazina paa

Swali la msomaji: "Assalamu alaykum. Shikamoo baba. Mimi ni mjumbe wa kamati ya skuli katika shehia moja ya Wilaya ya Wete. Wananchi tulichanga tukainua kuta za madarasa manne mpaka linta, ile mihimili ya juu ya milango na madirisha, tukaambiwa Serikali itaezeka. Mwakilishi wetu akaliuliza jambo hili katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, nikasikia mwenyewe redioni. Jibu likawa kwamba madarasa yatamalizwa kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu. Huu ni mwaka wa pili, ndani mmeota majani na mbuzi wanalala humo. Haya maswali wanayoandikiwa mawaziri yana faida gani ikiwa jibu ni lile lile siku zote? Au ni kutupumbaza tu?"

Wa alaykumu salaam, na marahaba mwanangu.

Mbuzi hao nawajua. Wamo katika kuta nyingi za linta, Unguja na Pemba, na mimi nimekaa miaka upande wa pili wa jambo hili: kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi za maswali ya Wajumbe, kuzisoma, kuzirudisha zenye kasoro na kuzipeleka wizarani. Kwa hiyo nitakujibu zaidi kwa niliyoyaona mezani kuliko niliyoyasoma. Na nianze kwa kukuudhi kidogo. Jibu ulilolisikia redioni ndilo khasa lililostahiki swali lililoulizwa. Sijaliona, lakini naweza kukisia liliandikwa hivi: "Jee, Serikali ina mpango gani wa kuyamaliza madarasa hayo, na lini?"

Afisa wa wizara akilipata swali la namna hii hushusha pumzi. Mpango upo; serikali gani itakayosema haina mpango? Na lini? Fedha zikipatikana. Hapo hahitaji kufungua jalada wala kupiga simu Pemba, hahitaji hata kujua skuli yenu iko upande gani wa barabara. Maswali ya "mpango gani" yalikuwa mengi hata ikafika siku nikawa naweza kuliandika jibu kichwani kabla karatasi haijatoka mezani kwangu, na mara nyingi nilipolisikia likisomwa nilikuwa nimepatia mpaka nukta.

Sasa nikuonyeshe faida ilipo, maana redioni haisikiki. Swali la Barazani halianzi asubuhi ile kwenye jengo la Baraza, Chukwani, Spika anapomwita Mjumbe asimame. Linaanza nyuma kabisa, kwenye karatasi. Mjumbe analiandika na kuliwasilisha kwa Katibu wa Baraza. Likikubalika linapata nambari na kupelekwa wizara inayohusika, na hapo ndipo linapogeuka kuwa kazi ya mtu. Katibu Mkuu analishusha kwa mkurugenzi, mkurugenzi kwa walio chini yake, na jambo likiwa la Pemba linavuka bahari mpaka kwa Afisa Mdhamini, yaani mkuu wa wizara hiyo huko Pemba. Huko atapatikana kijana wa ofisi, mwenye vespa na mafuta ya kuombaomba, atumwe kwenda kutizama. Anaandika alichokiona. Karatasi inapanda ngazi zile zile, kila mmoja akitia mkono wake, mpaka kwa Waziri. Maneno anayoyasoma kwa dakika mbili yamepita kwa watu wengi, na kila mmoja wao, kama swali limeandikwa vizuri, amelazimika kulifungua jalada la skuli yenu na kuweka saini chini ya alichokisema.

Hiyo saini ndiyo mali. Mtu akikwambia kwa mdomo kwamba bati zimeshaagizwa, kesho atasema hukumfahamu. Akiliandika, likasomwa Barazani, likaingia kwenye Taarifa Rasmi ambazo wengi tunaziita Hansadi, litamfuata hata akihamishwa wizara.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda. Mjumbe wa jimbo moja la Pemba alileta swali kuhusu kisima ambacho mashine yake ya kusukumia maji ilikuwa imesimama kwa miezi. Huyu bwana hakuuliza mpango. Aliandika: mashine iliharibika tarehe gani, taarifa ya kuharibika ilifika ofisi gani na lini, kinakosekana kifaa gani na bei yake ni kiasi gani. Fundi akatumwa kwenda kutafuta majibu. Akakuta kinachokosekana ni kifaa kidogo, na kifaa chenyewe kilikuwamo ghalani Unguja tokea zamani. Hakuna aliyekiomba kwa maandishi, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenziwe kashaomba. Kikapanda boti. Siku ya jibu Waziri akasimama akasema kisima kinafanya kazi na wananchi wanapata maji, akakaa. Mjumbe akanijia amefura: amedhalilishwa, ameonekana muongo mbele ya wapiga kura wake. Nikamwambia aende kijijini akawaulize akina mama kama na wao wamedhalilika. Hakucheka. Lakini tokea siku hiyo hakuniletea tena swali la "mpango gani".

Kwa hivyo ukiniuliza kama maswali ni kupumbazwa, nitakwambia inategemea aliyeyaandika. Swali lenye nguvu huuliza yaliyokwisha kutokea. Ya kesho hayana stakabadhi. Ya jana yanazo. Kiasi gani kilitengwa, kiasi gani kilitolewa, nani alilipwa, nani alikwenda kukagua na tarehe ngapi. Maswali ya aina hii hayana pa kujifichia, maana majibu yake yako kwenye vitabu vya hesabu, na vitabu hivyo vinapitiwa pia na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Afisa anajua kwamba akimpa Waziri takwimu moja, na mkaguzi akaikuta nyengine, atakayeulizwa ni yeye.

Na hapo kwenye kutengwa na kutolewa simama kidogo, maana wananchi wengi huliwa hapo. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bajeti ikishapita, fedha za mradi wenu zinaweza kuwa zimeandikwa kwenye kitabu, lakini kuandikwa na kuingia mkononi ni mambo mawili. Zinatolewa kidogo kidogo kadiri mapato yanavyoingia, na wizara inapopata pungufu ya ilichoidhinishiwa inachagua nani atangulie. Mtu anayeuliza "mmetenga kiasi gani?" anapewa tarakimu nzuri, watu wanapiga makofi, na paa hakuna. Lazima zije zote mbili katika swali moja: zilizoidhinishwa na zilizotolewa. Tofauti iliyopo baina yake ndiyo habari yenyewe.

Utamaduni huu wa kuuliza si wetu wa asili, na ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Swali la mwanzo linalokumbukwa katika bunge la Uingereza liliulizwa mwaka 1721 katika Baraza la Malodi, na tizama lilikuwa juu ya nini: mshika fedha wa kampuni ya South Sea alikuwa amekimbilia nje baada ya watu kupoteza mali zao, na mheshimiwa mmoja akataka kujua kama ni kweli kakamatwa. Fedha, mtu, na jambo lililokwisha kutokea! Kwetu hapa Waingereza walianzisha Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1926. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sheria zilitungwa na Baraza la Mapinduzi, na hapakuwa na Baraza la Wawakilishi mpaka 1980, enzi za Mzee Aboud Jumbe. Hesabu mwenyewe: miaka 16 hapakuwa na pahala ambapo mtu wa Wete angeweza kumtuma mwakilishi wake akamuulize waziri kwa karatasi. Katiba ya 1984 ikaliweka suala la kuwauliza mawaziri maswali miongoni mwa kazi za Baraza. Mimi nikiwasikia vijana wanasema maswali ni mchezo huwa nakumbuka hayo, lakini tuache, wewe unataka bati.

Jambo moja kabla hamjamwendea Mwakilishi: hakikisheni mnamwendea mtu anayehusika. Skuli za msingi na sekondari si jambo la Muungano, kwa hivyo lenu ni la Chukwani. Lakini huwa naona watu wanambebesha Mwakilishi lalamiko la kituo cha polisi au la uhamiaji, na hayo ni ya Muungano, yanakwenda Dodoma kwa Mbunge wa jimbo lenu. Wizara ya huku haiwezi kujibu jambo lisilo katika mamlaka yake, swali litarudishwa, na mkutano mzima umepita bure.

Yako pia mambo yanayolirudisha swali hata kama linamhusu waziri. Swali lenye hotuba ndani yake. Lenye tuhuma kwa mtu kwa jina bila ushahidi. Linaloomba maoni badala ya habari. La kesi iliyoko mahakamani. Na lile lililokwisha kujibiwa karibuni, ambalo ndilo litakalowagusa nyinyi. Mwakilishi wenu akilirudia swali lile lile ataambiwa limeshajibiwa, na kweli limeshajibiwa. Njia ya kupita hapo ni kulishika jibu lenyewe na kulifanya msingi wa swali jipya: "Kwa kuwa katika jibu la swali nambari fulani Waziri alilieleza Baraza kwamba madarasa haya yatamalizwa kadiri fedha zitakavyopatikana, jee, tokea siku hiyo mpaka sasa fedha kiasi gani zimepatikana kwa kazi hiyo katika Wilaya ya Wete?" Sasa si swali lile tena. Na jibu mlilolidharau ndilo lililowapa pa kukanyaga. Wajumbe wengi huliuliza la kwanza, wakasikika redioni, wakaridhika. Wachache mno hurudi na la pili.

Swali la nyongeza, lile la papo kwa papo baada ya Waziri kujibu, lina utamu wake, lakini nisikudanganye. Wizara inayojua kazi huwa imeshamwandalia Waziri ukurasa wa pili, yaani mambo anayoweza kuulizwa na ya kusema akiulizwa. Na Mjumbe akimbana kwa tarakimu asizokuwa nazo, Waziri atasema atampatia kwa maandishi. Watu hulicheka jibu hilo. Mimi silicheki, nalihesabu kuwa ni deni. Mjumbe aandike siku aliyoahidiwa, aifuate karatasi yake, na asipoipata hilo nalo ni swali.

Wahindi wamelitengeneza jambo hili vizuri kutushinda. Bungeni kwao, katika Lok Sabha, swali likitiwa nyota linajibiwa kwa mdomo, lisilo na nyota linajibiwa kwa maandishi tu. Kwa siku moja ya kikao wanaruhusu maswali 20 ya nyota na 230 yasiyo na nyota. Ukiangalia utaona kazi nzito, zile orodha za wilaya kwa wilaya na mwaka kwa mwaka, zinakwenda kwenye yale yasiyo na nyota, kwa kuwa hakuna anayeweza kusoma majedwali kwa sauti watu wakasikiliza. Mjumbe wetu naye akitaka orodha ya skuli zote, bora aseme wazi anataka jedwali, la maandishi. Tokea 1953 wanayo pia kamati ambayo kazi yake ni kukusanya ahadi walizozitoa mawaziri bungeni na kuzifuatilia moja moja: hii imetimizwa, hii bado. Natamani sana kila nchi ya namna yetu ingekuwa na kitu hicho chenye meno. Wakati tunangoja, kamati yenu ya skuli inunue daftari.

Sikwambii haya ili uone swali ni dawa ya kila kitu. Halina adhabu ndani yake. Waziri anaweza kujibu nusu, anaweza kujibu kitu chengine kabisa kwa Kiswahili kizuri, na Spika hamlazimishi akupe jibu unalolitaka wewe. Tena tuna jambo letu la pekee. Kura ya maoni ya 2010 ilituletea mfumo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na kwa mfumo huo wenye kuulizwa na wenye kuuliza mara nyengine huwamo serikalini pamoja. Mawaziri wenyewe wanatoka humo humo Barazani. Mjumbe wa chama chochote anaweza kuona haya kumbana mwenziwe. Ndiyo maana mimi nasema swali la karatasi linafaa zaidi kwetu kuliko la kupiga kelele. Haligombani na mtu. Linauliza tarehe. Nimewaona Wajumbe wa chama kinachotawala, watu wapole wasiopandisha sauti hata siku moja, wakizibana wizara kwa vifungu (a), (b) na (c) mpaka wakurugenzi wakawa wanaulizana korido nzima: huyu mzee analeta nini tena safari hii?

Meno yako kwengine, na swali ndilo linalokuelekeza huko. Jibu likiwa la wasiwasi, linapelekwa kwenye kamati ya Baraza inayoisimamia wizara hiyo, ambako katibu mkuu anaitwa, anakaa, na hakuna dakika mbili. Ikifika bajeti, Wajumbe wanaweza kuzuia shilingi, yaani kutoipitisha bajeti ya wizara, mpaka wapate maelezo, na hapo Mwakilishi wenu akiwa na majibu mawili ya maandishi yanayopingana mkononi, atasikilizwa. Asipokuwa nayo atakuwa analalamika tu kama sisi tulioko barazani kwa kahawa. Pia ajue kwamba shughuli za Serikali Barazani, ambazo kabla ya 2010 zilikuwa chini ya Waziri Kiongozi, sasa zinaongozwa na Makamu wa Pili wa Rais. Ahadi ya wizara isipotimizwa, barua ya kukumbusha inaweza kupelekwa nakala huko, kwa adabu.

Sasa la kwenu. Msimwendee Mwakilishi na malalamiko, mwendeeni na karatasi. Yeye ana shehia nyingi, hawezi kujua kuta zenu zilifika linta mwezi gani. Nyinyi mnajua. Andikeni mlianza kuchanga lini, mlikusanya kiasi gani, nani kutoka wizarani au wilayani alikuja kuzitizama kuta na alisema nini mbele ya nani. Sheha awe na nakala. Pigeni picha, mbuzi wakiwamo, na muandike tarehe nyuma yake. Kisha mpeni rasimu, maana Mjumbe mwenye shughuli nyingi akiletewa swali lililokwisha kuandikwa vizuri hulipokea kama zawadi. Mimi ningeandika hivi:

"Kwa kuwa Serikali ililieleza Baraza hili kwamba madarasa manne yaliyojengwa na wananchi yatamalizwa kadiri hali ya fedha itakavyoruhusu:

(a) Jee, kwa kila mmoja kati ya miaka mitatu ya fedha iliyopita, fedha kiasi gani ziliidhinishwa kwa ajili ya kumaliza madarasa ya wananchi katika Wilaya ya Wete, na kiasi gani kilitolewa?

(b) Skuli zipi zilimalizwa kwa fedha hizo, na ni vigezo gani vilivyotumika kuzitanguliza?

(c) Skuli hii ni ya ngapi katika orodha ya zinazosubiri, na ilikaguliwa na mhandisi mara ya mwisho tarehe gani?"

Kifungu (b) ndicho kitakachowanyima watu usingizi, na ndicho mtakachoombwa mkiondoe. Msikiondoe. Ikiwa skuli iliyofikia linta baada yenu imeshaezekwa, sababu itabidi iandikwe. Na ikiwa sababu ni ya haki, kwa mfano wenziwenu walikuwa na watoto wanaosoma chini ya mwembe na nyinyi mna madarasa ya zamani, basi nanyi mtaijua na mtanyamaza kwa kuelewa. Kifungu (c) kina kazi nyengine: kama hakuna mhandisi aliyewahi kufika, mtamwona akija kabla ya siku ya jibu. Akija mpokeeni, mpeni madafu, na mchukue jina lake, cheo chake na tarehe, muyaandike kwenye daftari.

Muulizeni mhandisi huyo pia swali ambalo si la Barazani: kama kuta zilizokaa miaka miwili bila paa bado zinaweza kubeba mbao na bati. Matofali ya juu yakiloa masika baada ya masika hulegea, na nimeona jengo fedha zikifika, mkandarasi akifika, kisha akakataa kupandisha paa mpaka kozi tatu za juu, yaani safu za matofali, zibomolewe zijengwe upya, na hizo hazikuwamo kwenye hesabu. Makuti hayana gharama kubwa huko kwenu. Zifunikeni kichwa kuta zote nne za kila darasa kabla mvua hazijaanza, na mbuzi muwatoe.